Muhogo Unaoungua Bila Moto

Mnunuzi wa muhogo anayeijua kazi yake halipi kabla hajavunja. Anachomoa mzizi mmoja kutoka katikati ya lundo, anauvunja kwa mikono miwili, anatazama ndani. Nyama ikiwa nyeupe, bei inaendelea. Ikiwa na mistari ya bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, inayofuata mishipa ya mzizi kuelekea moyoni, maelewano yanaanza upya kwa bei ya hasara au yanavunjika papo hapo.

Msata ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Hapa barabara ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo inakutana na ile inayotoka Chalinze kwenda Segera, Tanga na Moshi. Soko kubwa liko Dar es Salaam, ambako muhogo wa kukaanga na wa kuchoma huliwa kandokando ya barabara kila jioni, na ambako mwezi wa Ramadhani muhogo wa nazi haukosi kwenye futari. Lakini kutoka shambani hadi kwenye sufuria ya mlaji kuna safari, na muhogo hausubiri. Gari likiharibika, au masika yakifunga njia ya shamba kwa siku mbili, jasho la miezi tisa na zaidi linaishia kuwa chakula cha mbuzi.

Wengi hudhani muhogo wa namna hiyo umeoza. Kuoza ni kazi ya bakteria na kuvu, na kwenye muhogo huja baadaye, kiasi cha siku ya tano au ya saba. Weusi wa siku ya pili hauna mdudu ndani yake. Mzizi umejiunguza wenyewe, kwa hewa hii hii tunayovuta. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kila kiumbe kinachopumua, kikulacho ni oksijeni.

Karibu kila seli ya mmea na ya mnyama huchoma chakula ndani ya vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria. Elektroni zinazotoka kwenye chakula hupokezanwa hatua kwa hatua hadi zikabidhiwe kwa oksijeni, na mwisho wa safari hiyo hupatikana maji na nguvu ya kuishi. Tatizo ni kwamba elektroni chache huponyoka njiani na kuidaka oksijeni kabla ya wakati wake. Oksijeni iliyobebeshwa elektroni moja ya ziada inaitwa superoksidi. Hiyo huzaa haidrojeni peroksidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa. Peroksidi ikikutana na madini ya chuma huzaa kitu kikali kuliko vyote hivyo, kinachoshambulia chochote kilicho jirani: mafuta ya utando wa seli, protini, hata vinasaba.

Uhai usingedumu hata siku moja bila kinga dhidi ya moto huo wa ndani. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walitangaza kwamba kimeng'enya walichokitoa kwenye damu ya ng'ombe kina kazi ya kuizima superoksidi. Wakakiita superoksidi dismutasi. Baadaye kikapatikana karibu kila mahali kilipotafutwa, kwenye ini la binadamu na kwenye jani la mmea vilevile. Hatua inayofuata ni ya kimeng'enya kingine, katalasi, ambacho huivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni ya kawaida. Aliyewahi kumwagiwa peroksidi kwenye kidonda ameiona katalasi ikifanya kazi: lile povu jeupe linalochemka ni oksijeni inayotoka. Nyuma ya vimeng'enya hivyo kuna kikosi cha molekuli ndogondogo ambazo hujitoa zenyewe ziungue badala ya seli. Vitamini C, vitamini E, karotini na glutathioni ni miongoni mwake. Hizo ndizo antioksidanti.

Sasa turudi kwenye muhogo. Jembe linapoukata mzizi au mkono unapoung'oa kwenye shina, seli zilizo karibu na jeraha humwaga superoksidi na peroksidi kwa wingi ndani ya saa ya kwanza. Hilo peke yake si kosa, maana mmea wowote uliojeruhiwa hufanya hivyo. Ni king'ora cha kuamsha seli nyingine, na ni silaha dhidi ya vijidudu. Kiazi kitamu na kiazi kikuu vikijeruhiwa hupiga king'ora hicho, kisha hutengeneza ngozi mpya juu ya kidonda na kuzima king'ora. Viazi hivyo vina sababu ya kujiponya, kwa kuwa vinaweza kuchipua na kuwa mmea mpya. Mzizi wa muhogo hauchipui. Muhogo hupandwa kwa pingili za shina, na mzizi wake ni akiba ya chakula tu, uliozoea kulindwa na udongo. Ukiwa bado umeshikamana na shina unaweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi, ndiyo maana wazee wa pwani waliutegemea wakati wa njaa. Ukishatengwa na shina, uwezo wake wa kufunga jeraha ni hafifu na unachelewa. King'ora kinaendelea kulia, na moto unasambaa kutoka jeraha hadi mishipani. Wakati huo mzizi hujaa dutu iitwayo skopoletini, ambayo ikiunguzwa na peroksidi hugeuka kuwa ile rangi ya bluu na nyeusi anayoitafuta mnunuzi.

Muhogo una mzigo mwingine ambao viazi havina, nao ni sianidi. Ndani ya seli zake kuna dutu iitwayo linamarini, na kwenye kuta za seli kuna kimeng'enya kinachoivunja. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukijeruhiwa vinachanganyika na sianidi inatoka. Ni kinga nzuri dhidi ya nguruwe pori na wadudu, lakini sianidi hiyo hiyo hufunga mlango wa mwisho kule kwenye mitokondria, pale elektroni zinapokabidhiwa kwa oksijeni. Elektroni zinarundikana nyuma kama daladala kwenye foleni, na nyingi zaidi zinaponyoka. Mwaka 2012 Tawanda Zidenga na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walilithibitisha jambo hili kwa njia ninayoiona ya werevu mkubwa. Waliuongezea muhogo kinasaba kutoka mmea mwingine, kinachofungua njia ya pembeni ambayo sianidi haiwezi kuiziba. Superoksidi na wenzake walipungua zaidi ya mara kumi, na weusi ukachelewa kwa siku 14 hadi 21 kwenye mimea iliyokuzwa ndani ya vibanda. Walipoipeleka shambani, weusi ulichelewa pia, lakini ile yenye njia ya pembeni kubwa zaidi ilitoa mizizi yenye uzito mdogo. Nataja matokeo hayo ya pili kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi gazeti huandika yale ya kwanza tu.

Sianidi haiishii kwenye mzizi. Mwaka 1985, katika ukame, watu wa wilaya ya Tarime walikula muhogo mchungu ambao haukusindikwa vya kutosha, na wengine wakapooza miguu ghafla bila kupona. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini tunayokula, na salfa hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kutengeneza glutathioni. Anayekula muhogo mchungu bila maharage wala dagaa anapigwa upande wa sumu na upande wa kinga kwa pamoja. Kuloweka, kuanika na kutwanga, kazi ambazo mama zetu walizifanya bila kuulizwa sababu, ni ulinzi wa kweli wa mishipa ya fahamu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wakulima wengi, na lisipowekwa wazi hasara huongezeka. Si kila weusi ndani ya muhogo ni huu wa oksijeni. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, huacha mabaka makavu ya kahawia ndani ya mzizi, magumu kama kizibo. Tofauti yake ni hii: michirizi huikuta siku ile ile ya kung'oa, wakati weusi wa oksijeni haupo siku hiyo, huja kesho au keshokutwa. Wa kwanza ni virusi, na husafiri ndani ya pingili unazompa jirani. Wa pili hauambukizi mtu wala shamba. Anayevidhania ni kitu kimoja ataendelea kupanda mbegu yenye ugonjwa huku akilaumu usafiri.

Amani inastahili kukumbukwa kwa sababu nyingine. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, Storey na wenzake, akiwemo Nichols, walipandisha muhogo na jamaa zake wa porini, akiwemo mti wa mpira wa Ceará, wakitafuta ukinzani dhidi ya ugonjwa mwingine wa virusi, batobato, na dhidi ya michirizi. Aina iitwayo Namikonga kwa Tanzania, na Kaleso kwa pwani ya Kenya, ni uzao wa kazi ile, na watafiti wangali wanaitumia leo. Kibaha, mwendo mfupi kutoka Bagamoyo, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kinaendeleza mazao ya mizizi. Tumepigana na virusi kwa miongo mingi, na ilikuwa haki kufanya hivyo, kwa kuwa vingeweza kumaliza zao lote. Lakini uwezo wa kukaa sokoni nao ni sifa ya kurithishwa. Watafiti wa kituo cha CIAT huko Colombia waligundua kwamba mihogo ya njano, yenye karotini nyingi, huchelewa kuwa nyeusi kuliko myeupe. Antioksidanti inayolinda macho ya mtoto inalinda mzizi pia. Sioni kwa nini mkulima wa Pwani asipewe mbegu inayohimili virusi na kukaa wiki moja sokoni kwa pamoja.

Mbegu hiyo isipokuwepo bado, kuna njia ambazo hazihitaji maabara. Iliyo bora ni kukata mashina wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa, ukiacha kisiki kifupi. Mzizi ulioachwa ardhini bila majani hubadilika ndani na huchelewa sana kuungua baada ya kuvunwa. Gharama yake ni wanga kupungua kidogo, kwa hiyo njia hii inafaa muhogo wa kuuzwa mbichi, si wa unga. Pili, acha kikonyo kirefu kidogo kati ya mzizi na shina badala ya kuukwanyua, kwa kuwa jeraha la pale ndipo moto unapoanzia. Tatu, zuia hewa na ukavu. Kufukia mizizi kwenye mchanga au maranda ya mbao yenye unyevu huongeza siku. Costa Rica huchovya muhogo kwenye nta na kuusafirisha kwa meli hadi Marekani na Ulaya ukiwa salama, na siri yake ni kwamba nta huzuia oksijeni na ukavu. Muhogo usiokuwa na mnunuzi umenywe na kukatwakatwa siku hiyo hiyo, uanikwe uwe makopa, maana ukikauka haraka vimeng'enya hukosa maji ya kufanyia kazi.

Jani nalo lina vita yake. Jua la saa sita mchana huleta nguvu nyingi kuliko jani linavyoweza kutumia, na ziada hiyo huangukia kwenye oksijeni. Nanasi la Kiwangwa hufunga matundu ya majani mchana na kuvuta hewa usiku ili kutunza maji, na mchana hutegemea rangi za njano zilizofichwa chini ya ukijani kuimwaga nguvu ya ziada kama joto. Baharini, mwaka 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi, mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe ulilemewa kwa namna iyo hiyo. Matumbawe yakaufukuza, yakageuka meupe, na mengi ya pwani yetu yakafa.

Ndani ya damu ya watu vita hii ni ya kila siku. Chembe nyekundu hubeba oksijeni na chuma pamoja, viungo viwili vya moto ule mkali, na haina mitokondria wala kiini cha kuisaidia. Inategemea kimeng'enya kimoja, kinachofupishwa G6PD, kuihuisha glutathioni yake. Wapo watu wengi Afrika Mashariki, hasa kwenye maeneo ya malaria kama pwani, waliozaliwa na G6PD dhaifu, na kwa kuwa kinasaba chake hurithiwa kupitia kromosomu ya X, wanaume ndio huathirika zaidi. Wataalamu wanaamini udhaifu huo ulibaki kwa sababu vimelea vya malaria hupata taabu kuishi ndani ya chembe iliyokwisha elemewa na oksijeni. Mtu huyo huishi maisha ya kawaida mpaka akutane na kitu kinachowasha moto kwenye damu: dawa fulani, au hata vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye sanduku la nguo. Hapo chembe hupasuka kwa wingi, mkojo hubadilika rangi kuwa mwekundu uliokolea, macho huwa ya njano.

Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap ilipata idhini Uingereza mwaka 2003 kwa matumaini makubwa kwa Afrika. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni, kwa sababu ilipunguza damu ya wagonjwa wenye G6PD dhaifu kwa kiasi cha hatari. Primakwini, inayoua vimelea vile ambavyo mbu hubeba kumpelekea mtu mwingine, ina kasoro ya aina hiyo kwa dozi kubwa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo sana, robo ya miligramu kwa kila kilo ya mgonjwa. Swali la kama ni salama kwa watu wetu lilipelekwa wilaya ya Bagamoyo, wagonjwa wakapewa dozi hiyo pamoja na dawa mseto ya ALu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa ni salama. Wagonjwa wa wilaya hiyo, kwa kukubali kutobolewa vidole ili damu yao ipimwe, wametoa jibu linalotumika mbali na hapa. Sijaona wakishukuriwa vya kutosha.

ALu yenyewe inaua kwa moto huu huu. Artemisinini, chimbuko la dawa moja ya mseto huo, iliyotolewa kwenye pakanga na timu ya Tu Youyou nchini China mwaka 1972, ina daraja la peroksidi katikati ya molekuli yake. Kimelea kinapomeng'enya damu na kufungua chuma, chuma hicho hulivunja daraja, na kimelea kinaungua kutoka ndani.

Kwa hiyo oksijeni kali si adui tupu, na hapa ndipo napingana waziwazi na biashara ya vichupa vya antioksidanti vinavyonadiwa kwenye mabasi na simu kwamba huzuia uzee, saratani na kila kitu. Chembe nyeupe za damu huua bakteria kwa kuwamwagia superoksidi. Misuli inayofanya kazi huitumia kama ishara ya kujiimarisha. Dai la vidonge limepimwa kwa watu halisi. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa, wengine wakapewa beta-karotini. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa vidonge. Marekani, utafiti wa CARET, uliochanganya beta-karotini na vitamini A kwa wavutaji sigara na watu waliofanya kazi na asbesto, ulisimamishwa Januari 1996 baada ya ongezeko la asilimia 28. Vidonge vilivyotolewa kwa nia ya kuwaokoa vikawaumiza. Kwa mtu asiye na upungufu aliothibitishiwa na daktari, fedha ya kichupa hicho ni bora inunue ubuyu, mapera na kisamvu. Kisamvu kikitwangwa na kuchemshwa vizuri hutoa sianidi yake, na tui la nazi husaidia mwili kuifyonza karotini iliyobaki. Na mwenye kupikia kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha atajisaidia zaidi kwa kuutoa moshi kuliko kwa kidonge chochote.

Naomba wanaopanga bajeti za mkoa wa Pwani waweke mashine za kuchakata muhogo karibu na mashamba, Msata, Kiwangwa na Talawanda, mahali ambapo mzizi unaweza kumenywa siku ile ile uliyong'olewa, badala ya kungoja usafirishwe mjini ukiwa tayari umeungua. Nawaomba maofisa ugani wafundishe tofauti ya michirizi na weusi wa oksijeni kwa mizizi halisi iliyovunjwa mbele ya watu. Na wewe mkulima, jaribu msimu huu kwa mistari michache tu. Kata mashina wiki mbili kabla ya kuvuna, mistari ya pembeni iache kama ulivyozoea. Ng'oa yote siku moja, weka mizizi ya pande zote mbili kivulini kwa siku tatu, kisha vunja na ulinganishe mbele ya mnunuzi wako kabla hamjazungumza bei.